Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo na Waziri wa Maliasili na Utalii: nyuki wetu wanafia katikati ya wizara mbili

Waheshimiwa Mawaziri,
Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania,
Mkurugenzi wa Idara ya Misitu na Nyuki,

Salaam kutoka Singida.

Mimi ni mama ninayelima alizeti na kufuga nyuki. Leo nina mizinga 8 yenye nyuki na mizinga 23 mitupu. Mwaka juzi, mwezi wa tatu ulipoanza, yote 31 ilikuwa na nyuki.

Anayefuga nyuki anajua kwamba manzuki, yaani mahali mizinga ilipowekwa, huisikia kabla hujaiona. Unakuja na njia, bado kuna vichaka mbele yako, na tayari mvumo umeshakufikia. Asubuhi ile nilipita vichaka, nikafika mpaka kwenye vichanja vya mizinga, na palikuwa kimya. Chini ya milango ya mizinga udongo ulikuwa hauonekani kwa wingi wa nyuki waliokufa. Wengine walikuwa bado hai, wamelala chali, wanazunguka palepale, miguu inatetemeka, ulimi umetoka nje. Nyuki aliyechoka kwa umri hufia porini akiwa kazini. Ukikuta maelfu wamefia mlangoni na ndimi zao ziko nje, ujue wamekula sumu.

Nilifungua mzinga mmoja baada ya mwingine. Malkia alikuwepo, na nyuki wachanga wachache ambao walikuwa hawajafikia umri wa kutoka nje. Majana, yaani watoto wa nyuki, yalikuwa kwenye masega, hayana wa kuyalisha. Baada ya siku chache yakaanza kuoza, na baada ya majuma mawili nondo wa nta wakawa wameingia kumalizia. Ndivyo kundi la nyuki linavyokufa kwa dawa. Wanaotafuta chakula wanakwisha kwa siku moja, halafu majana yaliyobaki ndani yanakufa kwa kukosa wa kuyalisha, huku asali ikiwa bado juu yake.

Siku ya pili alikuja kijana tuliyepakana naye shamba. Hakuitwa na mtu. Aliniamkia, akasimama kwa muda hajui aanzie wapi, kisha akasema, "Mama, mimi nilipulizia alizeti yangu juzi asubuhi, funza walikuwa wanatoboa vichwa. Sikujua kama inaua na nyuki." Nikamwambia, "Kaa chini, mwanangu." Sikuwa na hasira naye wakati ule na sina hasira naye leo. Ameoa juzijuzi, alikopa pesa ya kulimia, na funza kweli walikuwa wanamla. Nilimwomba anionyeshe hiyo dawa. Alileta chupa ndogo ya maji ya kunywa, ile ya dukani, imebaki robo. Alipimiwa. Muuzaji alimwambia aweke vifuniko viwili kwa bomba moja la kupulizia, basi. Lebo hakuiona, kwa sababu lebo ilibaki dukani kwenye chupa kubwa.

Nilipanda gari nikaenda hilo duka la pembejeo nikaomba kuiona chupa yenyewe. Nilivaa miwani na bado nilihangaika, herufi zilivyo ndogo. Ndani mlikuwa na imidaklopridi, imechanganywa na dawa nyingine ya kuua wadudu kwa kuwagusa. Onyo la nyuki lilikuwepo, mwishomwisho, baada ya maelezo ya kampuni na maelezo ya kuhifadhi, kwa maneno machache tu: ni sumu kwa nyuki. Halikusema upulizie saa ngapi wala usipulizie zao likiwa katika hali gani. Mtu aliyepimiwa kwenye chupa ya maji hata hayo machache hayamfikii.

Waheshimiwa, nieleze kidogo kuhusu hiyo sumu, maana nimejifunza mengi tangu siku ile kuliko nilivyotaka kujifunza. Imidaklopridi ni ya jamii ya viuatilifu vinavyoitwa neonikotinoidi, pamoja na thiamethoksamu, klothianidini na ndugu zao wengine. Vinashambulia mishipa ya fahamu ya mdudu. Havibaki juu ya jani peke yake. Mmea huvinywa kwa mizizi na kwa majani, vikapanda pamoja na maji ya mmea mpaka kwenye ua, vikaingia kwenye chavua na kwenye mbochi, yale maji matamu ya ua. Kwa hiyo hata nyuki ambaye hakuwepo wakati wa kupulizia anaweza kuja siku nyingine akanywa sumu hiyo na kuipeleka nyumbani kwa majana. Kiasi kinachotosha kuua nusu ya nyuki watakaoinywa ni takriban nanogramu 4 (nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu) kwa nyuki mmoja. Gramu 1 ya imidaklopridi ina dozi za namna hiyo milioni 250. Tafadhalini muipime gramu moja kwenye kiganja cha mkono kisha mfikirie bomba la lita 16 mgongoni kwa kijana anayepima kwa kifuniko.

Na si lazima nyuki afe palepale. Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa walitangaza matokeo ya jaribio ambalo waliwabandika nyuki vitambulisho vidogo vya kielektroniki mgongoni, wakawapa thiamethoksamu kwa kiasi kisichoua, wakawaachia mbali na mzinga. Waliopewa dawa walipotea njia wengi zaidi kuliko wale ambao hawakupewa. Mfugaji ambaye nyuki wake wamepatwa hivyo haoni maiti yoyote. Anaona tu mzinga unapungua nguvu, juma baada ya juma, akadhani nyuki wamehama kwa kuchukizwa na moshi au siafu. Nimezungumza na wenzangu wengi ambao mizinga yao iliisha hivyo, na mimi mwenyewe zamani nilikuwa nasema wamehama.

Sasa kuhusu alizeti, ambayo ndiyo inayonifanya niandike nikiwa pande zote mbili. Tangu msimu wa 2021/2022 Serikali imetuhimiza kwa nguvu tulime alizeti, mbegu za ruzuku zikaletwa, kwa sababu nchi hii inaagiza mafuta ya kula kwa fedha nyingi za kigeni. Singida tuliitikia, hilo zao tunalijua. Lakini kichwa cha alizeti si ua moja. Ni vijiua mamia kwa mamia vilivyobanana, vinavyofunguka kidogokidogo kuanzia pembeni kuelekea katikati kwa siku kadhaa, na kila kijiua kinatakiwa kupata chavua ili kitoe mbegu yenye kiini. Mwenye kazi hiyo ni nyuki. Asipopita unavuna kichwa kikubwa cha kupendeza, ukipukuchua unapata maganda matupu mengi, mapepe. Mashine ya kukamua haikamui maganda. Yule kijana jirani yangu, mwaka ule, magunia yake yalikuwa mepesi sana. Mvua nayo ilikatika mapema, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni nyuki peke yao. Ila mimi mwenyewe, nilipopepeta alizeti yangu ambayo haikupuliziwa kitu na iko hatua mia mbili kutoka kwake, nilikuta mapepe kuliko mwaka wowote niliowahi kulima.

Mwaka 2016 jukwaa la kimataifa la sayansi ya bioanuwai lilitoa tathmini yake kubwa kuhusu uchavushaji, likasema zaidi ya asilimia 75 ya aina za mazao makuu ya chakula duniani hutegemea wanyama wachavushaji kwa kiasi fulani. Huku kwetu hiyo ni alizeti, tikiti maji, maboga, matango, pasheni, korosho kule Mtwara na Lindi, kahawa. Na wachavushaji si nyuki wangu wa mizinga peke yao. Kuna nyuki wadogo wasiouma wanaokaa kwenye matundu ya miti, ambao asali yao wazee wetu waliitumia kwa kifua. Kuna wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao, ambao pasheni bila wao haizai vizuri. Mbuyu unachavushwa na popo usiku. Hao hawana mzinga wala mwenyewe wa kuja kuandika barua kwa niaba yao. Mimi nilijua hasara yangu kwa sababu nilikuwa nimehesabu mizinga. Ya hao wengine hakuna aliyeihesabu.

Mlituambia: achia shoka, kamata mzinga. Naliheshimu sana neno hilo, na kabla yake tulimsikia Waziri Mkuu mstaafu Mizengo Pinda akituhimiza miaka mingi tufuge nyuki. Tulikamata. Baba yangu alitundika mizinga ya magogo juu ya miti mirefu, na mwanamke hakupanda mti, kwa hiyo asali ilikuwa ya wanaume. Mizinga ya masanduku inayokaa kwenye vichanja ndiyo iliyotufungulia mlango akina mama. Kikundi chetu kina wanawake 14. Tumesomesha watoto kwa asali. Tumeacha kuchoma mkaa, si kwa hofu ya askari wa misitu, bali kwa sababu mti wenye maua umekuwa na faida kwetu ukiwa umesimama. Sasa mti umesimama na nyuki hayupo.

Baada ya hasara nilihangaika kutafuta wa kumweleza. Ofisi ya kwanza niliyokwenda walinipokea vizuri, wakasema nyuki ni wao lakini dawa si yao. Ofisi ya pili nako walinipokea vizuri, wakasema dawa ni yao lakini nyuki si wao. Nilikuwa nimebeba nyuki waliokufa kwenye mfuko, nimewaweka kwenye friji ya muuza nyama kwa hisani yake, nikiuliza niwapeleke wapi wakapimwe na kwa gharama ya nani. Sikupata jibu. Sumu hizi huvunjika haraka mwilini mwa mdudu aliyekufa akipigwa na joto. Siku ya tano umeme ulikatika kutwa, na ushahidi wangu ukaharibika.

Simlaumu mtu niliyemkuta nyuma ya meza. Mambo yamepangwa hivyo. Nyuki wako Wizara ya Maliasili na Utalii, chini ya Sera ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998 na Sheria ya Ufugaji Nyuki Na. 15 ya mwaka 2002. Viuatilifu viko Wizara ya Kilimo, na Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020 ndiyo iliyoanzisha Mamlaka yenu pale Arusha. Lakini nyuki wangu analala kwenye mti wa wizara moja na anakula kwenye shamba la wizara nyingine, kila siku, kilomita 3 kwenda na wakati mwingine zaidi. Ombi langu kubwa kuliko yote ni hili: dawa yoyote ya wadudu isisajiliwe, na usajili wake usihuishwe, mpaka watu wa nyuki wakae meza moja na watu wa viuatilifu wakasema inawafanyaje nyuki wetu wa huku, katika joto letu na katika mazao yetu yanavyochanua.

Kwa neonikotinoidi hizo tatu nilizozitaja sioni kwa nini tusubiri zaidi. Umoja wa Ulaya ulizibana mwaka 2013, na mwaka 2018 ukakataza kabisa kuzitumia nje ya nyumba za kioo za kudumu, kwa sababu ya nyuki. Halafu viwanda vya hukohuko vikaendelea kuruhusiwa kuziuza nje. Kama nyuki wa Ufaransa anastahili kulindwa, nyuki wa Singida naye anastahili. Naomba muanze kwa kuzuia zisipuliziwe kwenye zao lolote lililo katika maua, msimu huu, na mtangaze kwa tarehe lini mtapitia upya usajili wake, pamoja na ule wa fipronili, dawa nyingine ya wadudu. Na katika kupitia huko mtusikilize wakulima na wafugaji, si wenye kampuni peke yao.

Lebo nayo ibadilishwe. Picha ya nyuki iwe kubwa mbele ya chupa, na Kiswahili cha herufi ambazo mtu wa umri wangu anaweza kusoma: usipulizie zao likiwa na maua, ukilazimika, pulizia jioni nyuki wakisharudi, mwambie jirani mwenye mizinga siku mbili kabla. Siku mbili zinanitosha. Nikijua mapema nafunga milango ya mizinga usiku, naifunika kwa magunia yenye maji, asubuhi nyuki hawatoki, kesho yake nawafungulia. Kwa sumu inayokaa ndani ya ua hiyo haisaidii, ndiyo maana nimeitaja peke yake hapo juu. Lakini kwa dawa nyingi nyingine ingeokoa mizinga mingi kwa gharama ya neno moja la ujirani. Na kupima dawa kwenye chupa za maji kukomeshwe kwa kuwaletea wakulima vifungashio vidogo vyenye lebo, kwa sababu mtu mwenye shilingi elfu tatu mfukoni hanunui lita nzima hata mkimkataza kupimiwa.

Ombi jingine ni mahali pa kupeleka nyuki waliokufa. Mwaka 2008 huko Ujerumani, kwenye bonde la mto Rhine, makundi ya nyuki zaidi ya 11,000 yaliathirika wakati wakulima wanapanda mahindi yaliyopakwa klothianidini. Maabara ya serikali ilipokea nyuki waliokufa, ikaikuta dawa ndani yao, na mwezi wa tano mwaka uleule idhini za mbegu hizo zilizopakwa dawa zikasimamishwa. Angalieni mwendo wake: mfugaji ana pa kupeleka, maabara inapima, mwenye mamlaka anachukua hatua. Sisi wataalamu tunao, na maabara Arusha ipo. Kinachokosekana ni namba moja ya simu, kisanduku cha barafu katika kila wilaya yenye wafugaji, na uhakika kwamba mama wa kijijini hatadaiwa gharama za kupima. Bila hivyo mtaendelea kukosa takwimu, na anayekosa takwimu anaonekana hana tatizo.

Nagusia na kweleakwelea, maana wanaolima mtama na uwele wataniuliza. Ndege wale wanamaliza shamba kwa asubuhi mbili, nimewaona. Lakini dawa ya fenthioni inayomwagwa kwa eropleni kwenye malalo yao ni sumu kali kwa viumbe vingi mno, na mwezi wa tano 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Rotterdam zilikubaliana Geneva kuiweka ile iliyo kali zaidi kwenye orodha ya kemikali ambazo nchi haziuziwi kabla ya kuarifiwa na kutoa uamuzi wao. Basi utaratibu huohuo wa kuarifiana ushuke mpaka kijijini. Kabla eropleni haijaruka, mtendaji wa kijiji atangaze, msikitini kutangazwe, kanisani kutangazwe, ujumbe wa simu uje.

Najua mtakaloambiwa na wanaouza: kwamba bila dawa hizi taifa litalala njaa. Mimi sisemi tuache kila kitu. Tangu viwavijeshi vamizi walipoingia nchini mwaka 2017 nimeona mahindi yakigeuka nyavu, na kwenye nyanya kantangaze, yule nondo anayeshambulia nyanya, amefilisisha watu ninaowajua kwa majina. Ninachosema ni kwamba mkulima amebakiwa na bomba peke yake kwa sababu hakuna aliyemfikia na kitu kingine. Udhibiti husishi wa visumbufu, yaani kutumia njia mbalimbali na dawa iwe ya mwisho, tunausikia kwenye redio, ila afisa ugani wa kata yetu ana vijiji vingi na pikipiki moja. Angefika shambani kwa yule kijana, angemwonyesha kuhesabu funza kwenye vichwa kumi kabla ya kununua chochote, angemwambia apande mapema, angemweleza kuhusu mwarobaini, na kama dawa ingekuwa lazima, angemchagulia isiyokaa ndani ya ua na kumwambia asubiri jua lizame. Kijana anasikia. Siku hizi hapulizii bila kunipigia simu.

Mwaka 2025 wananchi wa Ufaransa zaidi ya milioni 2 walitia sahihi kupinga sheria iliyotaka kuirudisha neonikotinoidi moja, asetamipridi, na tarehe 7 Agosti Baraza la Katiba la nchi hiyo likakifuta kifungu hicho. Sisi huku hatuna sahihi milioni 2. Tuna kikundi cha akina mama 14, na vikundi vingine kama chetu Manyoni, Sikonge, Kondoa, Kibondo, ambavyo nina hakika vinaweza kuwaeleza habari kama yangu wakiulizwa. Tafadhalini waulizeni.

Mbegu ya alizeti tunaitia ardhini mwezi wa kumi na mbili mvua ikishika, na mwezi wa tatu inachanua. Mwezi wa kumi na moja nitaisafisha ile mizinga 23, nitaipaka nta, nitaiweka wazi kusubiri makundi yanayohama yaingie. Naomba jibu lenu linifikie kabla ya hapo. Nahitaji kujua kama niirudishe palepale ilipokuwa, pembeni ya mashamba, au niibebe na mkokoteni niipeleke ndani kabisa porini, mahali ambapo nyuki hawatafika kwenye alizeti ya jirani yangu wala kwenye yangu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mfugaji nyuki na mkulima wa alizeti,
Singida